Kila Nyumba na Saa Yake

Jumamosi, 1 Machi

Mwalimu ametuagiza kila mmoja aandike shajara tangu leo mpaka mvua zitakapokwisha, kwa sababu ndipo kozi nayo itakapokwisha. Amesema hataisoma. Sijawahi kuona mwalimu akaacha kusoma alichoagiza kiandikwe, lakini huyu alisema kama mtu anayemaanisha, basi naandika, na daftari litalala chini ya nguo za watoto.

Kozi ni ya maadili ya kazi ya uwakala wa nyumba. Imetangazwa kwamba kuanzia Juni hakuna dalali atakayeuza wala kupangisha hata banda la kuku bila leseni, na leseni haipatikani bila kozi. Basi tumejazana kwenye darasa la watoto wadogo, madalali wazima, magoti yametupanda mpaka kifuani. Mwalimu ni mwanamke mfupi ambaye zamani alikuwa hakimu. Alituuliza kazi yetu ni nini, tukaitikia wote kwamba ni kuuza nyumba.

"Hapana," akasema. "Nyumba inauzwa na mwenye nyumba. Wewe kazi yako ni kusema kilichomo."

Sijui kwa nini niliinamisha kichwa. Au najua, ila sijazoea kuandika mambo yangu.

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini Bosi ametuuliza tumefundishwa nini. Mwenzangu mmoja akajibu tumefundishwa kufa njaa kwa utaratibu. Tulicheka sana.

Bosi ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake la kwanza lilikuwa kwamba kila nyumba ina saa yake. Nyumba iliyopakana na baa unaionyesha asubuhi, walevi wakiwa wamelala. Nyumba ambayo maji ya bomba hukatika mchana unaionyesha alfajiri, unafungua bomba mbele ya mteja bila kusema neno. Inayopigwa na jua la jioni mpaka kuta zinachemka, unaipeleka saa nne, kuna mwanga mzuri na upepo. "Hujadanganya," husema Bosi. "Umechagua saa tu." Mimi nimekuwa hodari wa saa hizo kuliko wote, mpaka ofisini wananiita Saa Nne. Jina nimelipenda miaka yote.

Leo Bosi ameniuliza nyumba ya shangazi yangu iko tayari lini. Nikasema wiki hii. Akasema niharakishe, mawingu yanajikusanya, na mteja asijue kwamba mwenye nyumba ni shangazi yangu. "Akijua ni ndugu yako atashusha bei mpaka ulie," akasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda kwa Shangazi nikitayarisha nyumba.

Huyu ni dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Kifua chake si kizima, na ngoja niseme wazi, nyumba ndiyo inayomuumiza. Imejengwa chini ya mteremko. Mvua zikikolea, maji hupita chini kwa chini na kutokea chumba cha nyuma, ukuta hunywa mpaka kiunoni na sakafu hutoa jasho. Kila mwaka masika yakianza, Shangazi huhamishia kitanda sebuleni na kukaa huko hadi kukauke. Amechoka. Amepata nyumba ndogo ghorofa ya pili, karibu na rafiki yake wa siku nyingi, kavu, ina jua asubuhi na jioni. Mwenye jengo amekubali kumwekea mpaka mwisho wa Mei. Nyumba hii isipouzwa, ile haipati.

Ukuta nimeupaka rangi nyeupe mara mbili, lakini alama ya maji inaonekana kwa chini kama umekaza macho. Nikamwambia Shangazi safari hii asihamie sebuleni, sebule ibaki wazi ionekane kubwa. Kitanda tukakisukuma mpaka kwenye ukuta wenyewe, ubao wa kichwani ukaziba alama yote. Kimekaa vizuri sana.

"Na mvua ikija?" akauliza.

"Wiki mbili tu, Shangazi. Kabla hazijakolea tutakuwa tumemaliza."

"Haya. Nani anabishana na Saa Nne."

Jumamosi, 8 Machi

Somo la leo: mgongano wa maslahi. Ukimuuzia mteja nyumba ya ndugu yako lazima umwambie mapema, tena kwa maandishi. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Damu nzito kuliko maji," watu wakacheka. Sikugeuka kumtazama.

Jumanne, 11 Machi

Nimempata mteja, na ni mteja wa kweli. Ni mkunga katika hospitali ya hapa, mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Anataka nyumba ya kumweka mama yake mzazi ambaye magoti yamemkataa, kwa hiyo ngazi hazitaki kabisa.

Tulikwenda saa nne. Nilikuwa nimekubaliana na Shangazi kwamba hatujuani. Ningejua nisingemwambia, maana alivyoigiza alipitiliza. "Karibu, dada wakala," akaniambia mlangoni, "samahani, jina lako nimelisahau." Halafu akanionyesha choo kilipo, mimi niliyekulia humo. Nilijiuma mdomo nisicheke. Mkunga alipita chumba hadi chumba akibonyeza swichi na kufungua madirisha. Chumba cha nyuma alisimama mlangoni, akatazama kitanda kilivyotandikwa, akasema, "Hapa ni karibu na bafu." Basi.

Nimerudi nyumbani na furaha. Baada ya chakula furaha ikaniisha, sikuelewa imekwenda wapi.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu mchana kutwa. Hayakunyesha.

Jumamosi, 15 Machi

Kasoro iliyofichika. Mwalimu ameifafanua hivi: ni ile ambayo mnunuzi mwenye macho mazuri hawezi kuiona siku ya kuonyeshwa, lakini wewe unaijua. Mtu mmoja akauliza, je, mnunuzi asipouliza? Mwalimu akasema, "Atauliza vipi kitu asichojua kipo?" Kisha akatutazama mmoja mmoja. Niliona amenitazama mimi muda mrefu kuliko wenzangu. Mume wangu, ambaye ni kinyozi na amezoea watu wenye wasiwasi mbele ya kioo, anasema kila aliyekuwa darasani ameondoka akifikiri hivyohivyo.

Jumanne, 18 Machi

Imenyesha mara ya kwanza. Kidogo. Nilisimama dirishani ofisini mpaka ilipokatika.

Alhamisi, 27 Machi

Mkunga amemleta mama yake kuiona nyumba. Nilizuia kwa siku kadhaa, nikisingizia mwenye nyumba ana wageni, nikingoja siku mbili mfululizo za jua. Leo ndiyo ilikuwa ya pili.

Huyo mama ni mcheshi. Anatembea na mkongojo na kila akifika kwenye kiti anakiuliza kama kitamhimili. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa kwenye kitanda cha Shangazi, akaegemeza mkongojo kwenye ukuta ule ule. "Hiki ndicho changu," akasema. "Bafu hapo, dirisha hapo. Usiku nitaisikia mvua vizuri."

Shangazi aliyekuwa mlangoni akakohoa. Mimi nikasema ndiyo, mama, mvua inasikika vizuri sana humu.

Hilo ndilo nililosema. Naliandika kwa sababu linanirudia tangu mchana.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Shangazi anasema sakafu bado kavu.

Jumatatu, 7 Aprili

Rangi imevimba nyuma ya kitanda, nikiigusa inabonyea. Nimeikwangua na kupaka upya, nikafungua madirisha ikauke, mvua ikaingia. Shangazi alikaa sebuleni akinitazama. Anakohoa kidogo. Nilimuuliza kama anatumia dawa yake, akasema anatumia.

Mkunga amepiga simu: mkopo wa kazini umekubaliwa, ila wanasheria wao wana foleni. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote ninao mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwalimu ametoa mtihani wa vitendo, na nadhani ametumwa na mtu anayenijua.

Alisema, "Nasikia ninyi mna msemo kwamba kila nyumba ina saa yake." Darasa zima likacheka kwa aibu. "Vizuri. Kila mmoja wenu achague nyumba moja aliyo nayo mkononi, ampeleke mteja kwa saa yake mbaya. Mbaya kuliko zote. Nitakuwepo nyuma yenu, sitasema neno."

Wenzangu walianza kulalamika kwamba watapoteza wateja. Mimi sikulalamika. Nilikuwa nahesabu nyumba zangu kichwani, na kila nikihesabu, ya kwanza inakuja ile ile.

Jumanne, 15 Aprili

Mume wangu ameniuliza mbona naweweseka usingizini. Nikamweleza. Alinisikiliza huku akisafisha mashine yake ya kunyolea, akasema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Wewe ni kinyozi au mhubiri?"

"Mimi ni kinyozi. Mtu akija na upara simwambii ana nywele."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Yeye hakulelewa na Shangazi. Hajui alivyokuwa akinipakulia mimi kwanza na kusema kwamba yeye hana njaa. Nikimwambia mkunga, naivunja ile nyumba ya ghorofani kwa mikono yangu. Nisipomwambia, yule mama wa mkongojo atalala ndani ya maji. Nimeligeuza kila upande na halina upande mzuri.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefanya mtihani wangu. Nimechagua nyumba iliyo karibu na baa.

Nilimpeleka kijana mmoja fundi simu Ijumaa jioni, muziki ukiwa umepamba moto, kuta zinatetemeka. Nikapaza sauti nikamwambia, "Hivi ndivyo inavyokuwa kila Ijumaa na Jumamosi." Kijana akasema yeye mwenyewe ni mteja wa hiyo baa, amefurahi kupunguza safari. Akakubali hapo hapo. Mwalimu, nyuma yetu, alitabasamu. Leo darasani amenisimamisha mbele ya wote kama mfano. Wamenipigia makofi.

Sijawahi kupigiwa makofi nikatamani sakafu inimeze.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu juzi. Nimepita kwa Shangazi, sakafu ya nyuma inateleza, tumetandika magunia. Mkunga akija tutasema tulikuwa tunadeki. Shangazi anakohoa.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikuelewa somo. Nilikuwa nasikiliza bati.

Jumamosi, 3 Mei

Tumekula kiapo na kupewa leseni, ingawa vipindi vya kozi vinaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Tulisimama mstari mmoja, mkono wa kulia juu, tukarudia maneno ya Mwalimu: kusema kilichomo, kutoficha ninachokijua, kutanguliza haki ya pande zote mbili. Kwenye "kutoficha" nilichezesha midomo tu, bila sauti. Nilidhani hakuna aliyeona.

Bosi ameitundika leseni yangu ukutani kwenye fremu na kumpigia simu mkunga mbele yangu kumwambia kwamba anahudumiwa na wakala mwenye leseni. Kutia sahihi ni Ijumaa, tarehe kumi na sita.

Jumatatu, 5 Mei

Shangazi kasema usiku hulala kwa kukaa, akijilaza kifua kinajaa. Nikamwambia wiki hii na ijayo, basi. Akasema, "Najua, mwanangu. Nimevumilia makubwa zaidi."

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Sikula.

Jumatano, 14 Mei

Leo nitaandika yote.

Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na haikuchoka. Kufikia saa tano barabara ya ofisini ilikuwa mto. Nilimuaga Bosi kwamba nakwenda kuangalia nyumba, akaniambia, "Angalia tu, usionyeshe." Alikuwa anatania.

Shangazi alinifungulia akiwa amepandisha gauni na kulifunga fundo. Chumba cha nyuma maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Miguu ya kitanda alikuwa ameipandisha juu ya matofali, peke yake, sijui kwa nguvu gani. Akarudi kukaa kitandani, miguu juu, blanketi mabegani. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akayafuta, akatabasamu.

"Keshokutwa," akaniambia. "Wasije tu kabla ya keshokutwa."

Nikatazama pale ukutani yule mama alipoegemeza mkongojo wake. Rangi yangu nyeupe ilikuwa inashuka kwa vipande na kuelea. Nikamwona amelala hapo, hawezi kuinuka haraka, hawezi kupandisha kitanda kwenye matofali, akiisikia mvua vizuri. Nilichukua simu nikapiga kabla sijajizuia.

"Dada, njoo uione nyumba."

"Sasa hivi?" akasema mkunga. "Na mvua hii?"

"Kwa sababu ya mvua hii."

Shangazi alikuwa ameshasimama ndani ya maji. "Unafanya nini wewe mtoto?"

"Namwita aone."

"Aone nini? Aone nini, wakati kila kitu kimekwisha? Siku mbili! Mimi nimekaa humu siku zote hizi, wewe unashindwa siku mbili?"

"Shangazi, yule mama atakufa humu."

"Na mimi je?"

Alilisema taratibu tu. Nilidhani anazungumzia nyumba ya ghorofani. Nikaanza kumweleza kwamba tutatafuta mteja mwingine, tutautengeneza ukuta kwanza, nitaongea na mwenye jengo. Nilizungumza sana. Yeye akarudi kitandani akanipa mgongo. "Nilikulea," akasema, "sikujua nalea mtu wa kunifungia mlango."

Mkunga akafika, amevaa mabuti ya mpira na sare ya kazini chini ya koti la mvua. Nilimzuia sebuleni kwanza. Nilimwambia huyu mwenye nyumba ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea, na nilipaswa kumwambia siku ya kwanza.

"Hilo nililijua," akasema. "Mna pua moja. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikampeleka nyuma. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama siku ya kwanza, akatazama maji, ukuta na magunia.

"Mama yangu angelala hapa."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani ya maji, akasimama karibu na Shangazi aliyekuwa bado ametupa mgongo, akamsikiliza anavyokohoa. Alimsikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha, kama vile mimi simo chumbani.

"Na huyu analala wapi?" akauliza.

"Hapa," Shangazi akajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi. Kila mwaka huhamia sebuleni. Mwaka huu ilibidi kitanda kizibe ukuta."

Mkunga akashika ubao wa kichwani, akavuta. Godoro, upande wa ukutani, lilikuwa jeusi kwa ukungu kutoka juu hadi chini. Mto nao. Harufu ilitoka tukarudi nyuma sote.

"Nani alikiweka kitanda hapa?"

Shangazi akavuta blanketi mabegani. Msimu mzima nimekosa usingizi kwa ajili ya mama ambaye hajalala chumba kile hata mara moja, na aliyelala humo nilikuwa namuuliza kama ametumia dawa. Nilimwona kila wiki. Niliandika humu kwamba anakohoa, nikafunga daftari, basi.

Mkunga akaweka sikio mgongoni kwa Shangazi, akamwambia avute pumzi. Akasikiliza upande huu, akahamia upande wa pili. "Kusanya nguo zake," akaniambia. "Mambo ya nyumba baadaye."

Tulimpeleka hospitali wote wawili, tumemshika mikono. Kwenye maji alijaribu kutembea mwenyewe, akashindwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari amesema tungechelewa wiki moja zaidi angezungumza nasi kwa namna nyingine.

Mkunga alinikuta ukumbini, akanipa chai ya hospitali kwenye kikombe cha plastiki. "Sinunui," akasema. "Na nikinunua kwingine, sitapita kwako. Nataka ulijue mapema." Nikamwambia ninaelewa. Akaingia wodini kumwangalia Shangazi, na nimesikia amekuwa akiingia kila anapopata nafasi.

Ijumaa, 16 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutia sahihi. Bosi ameniambia niache funguo mezani nikapumzike, atanipigia. Amesema pia kwamba kozi imeniharibu. Mwenzangu mmoja alinisindikiza hadi nje, hakutania hata kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimempelekea Mwalimu leseni, ikiwa ndani ya fremu yake. Nilimwambia kila kitu, pamoja na baa, pamoja na kiapo nilichokichezeshea midomo.

"Hicho nilikiona," akasema. "Nimekaa mahakamani miaka mingi."

Amesema leseni haitarudi kwangu kabla sijarudia kozi mvua zijazo, na kwamba atalipeleka suala langu kwenye kamati, hawezi kuliacha. Nilitegemea atanifariji kidogo. Aliuliza tu mgonjwa anaendeleaje, nikamwambia anakula uji.

Jumatano, 21 Mei

Jua. Nyumba ya ghorofani imepata mtu mwingine.

Jumapili, 25 Mei

Shangazi ameruhusiwa, yuko kwetu. Watoto tumewahamishia sebuleni, na chumba chao, kilicho kidogo lakini kikavu, ni chake. Mume wangu amekipanga. Mimi sikuthubutu kugusa kitanda, nikamwacha Shangazi mwenyewe aelekeze kikae wapi.

Na watoto anazungumza, na mume wangu anazungumza. Na mimi anasema "asante" nikimpa kitu.

Jumatano, 28 Mei

Asante tatu.

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali, kozi imekwisha, mvua zimekwisha, nami nilisema nitaandika mpaka leo.

Asubuhi Bosi alipiga simu. Sauti tamu. Amepata mume na mke, wana haraka, mke ana mimba ya miezi saba, na ile nyumba sasa imekauka. Akaniuliza kama Shangazi bado anauza. "Kesho saa nne nitawapeleka mwenyewe," akasema. "Wewe huhusiki, dhambi si yako."

Nyumba ni ya Shangazi, kwa hiyo ilibidi nimpelekee maneno hayo. Nilimkuta amekaa kitandani, dirisha liko wazi, anachambua mchele wa mchana. Nikamweleza kama nilivyoambiwa, mpaka ile mimba. Nilikuwa naogopa atakachojibu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akikubali nitakwenda kusimama kwenye kona ya mtaa niwangoje wale watu, hata kama hatazungumza nami tena maishani.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mwambie asipeleke mtu. Mpaka ukuta utengenezwe, na hata ukitengenezwa, waambiwe."

"Nyumba ya ghorofani imeshakwenda, Shangazi."

"Nimesikia. Mimi siyo kiziwi, nilikuwa nimekasirika tu."

Nikakaa chini, sakafuni, kama nilivyokuwa nikikaa zamani. Nikamwomba msamaha kwa kile kitanda. Nilitaka kusema mengi, yakatoka hayo.

"Kitanda ulikiweka wewe," akasema, "lakini kulala nililala mwenyewe. Sebule ilikuwepo. Ningeweza kuhama siku yoyote, ningesema sitaki." Akaweka ungo pembeni. "Unajua usiku nikikohoa nilikuwa najiambia nini? Nilikuwa najiambia, vumilia, mama, kikohozi hiki si chako. Ni cha yule bibi wa mkongojo. Umemshikia tu mpaka Ijumaa."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu hospitali, akingoja.

"Na mimi nilikuwa nazihesabu siku hizo hizo, Shangazi," nikamwambia.

Akanisogezea upande mmoja wa ungo. Tukachambua.